Dirisha la Mzee wa Foni

Mzee wa Foni hakupenda kuonekana akila. Ukimkuta na kitumbua mdomoni, aligeuza uso ukutani, akatafuna upesi, akafuta ndevu, ndipo akakurudia na salamu yake ya "amahoro" kana kwamba umefika sasa hivi. Alikuwa akisema mdomo wa mtu wa foni ni wa watu wote, na si heshima watu wakaukuta umejaa. Mama yangu, aliyeuza chai na vitumbua mbele ya dirisha lake pale Rumonge, alimcheka sana kwa jambo hilo.

"Baba, hata kamyo inakula mazutu," alimwambia, yaani hata lori hunywa dizeli.

"Ndiyo, Mama. Lakini haisemi na watu wakati iko inakula."

Kwa walio wadogo, foni ilikuwa redio ya kupelekeana sauti, yenye mikro ya kushika mkononi na betri ya gari chini ya meza. Tulikuwa nayo kabla simu za mkononi hazijafika kwetu. Hii ninayoisema ilikuwa mali ya ushirika wa wafanyabiashara wa mawese na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Ushirika ulikuwa na depo kando ya ziwa: kwetu Rumonge, nyingine Nyanza-Lac, nyingine Kabonga karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, na ng'ambo ya mipaka kulikuwa na za Uvira na Kigoma. Kila depo ilikuwa na foni yake na mtu wake. Mwanzoni walipashana bei na hali ya ziwa. Vita vilipochacha na barabara kuanza kukatika, watu wakaja dirishani na maswali yasiyohusu mawese hata kidogo. Dada yangu amefika? Mume wangu yu hai? Mzee wa Foni akawaulizia wote. Wakubwa waliijua foni ile na wakaiacha, kwa sababu na wao walikuwa na ndugu wa kuwaulizia.

Sijui alizaliwa wapi, wala sitabahatisha ukoo wake. Wakati ule kubahatisha ukoo wa mtu kulikuwa ni kuchezea roho yake, na mazoea hayo hayajanitoka. Ninachojua ni kwamba alivaa koti la kijivu hata jua likiwa la utosi, kwamba alikuwa mwembamba, na kwamba alipanda michikichi kama kijana kwenda kukaza waya wa antena, kisha akashuka na kujipangusa koti kwa aibu, kama aliyefumaniwa akicheza.

Nje ya chumba chake alikuwa na sauti ndogo. Sokoni ilibidi umwinamie ndipo umsikie anataka nyanya au vitunguu. Lakini akishika mikro, sauti ilimtoka kifuani, nene, yenye utulivu, hata mama aliacha kukoroga chai.

"Kabonga, Kabonga, hapa Rumonge. Unanipata?"

Watu wa foni walijuana kwa sauti. Hawakuwa na neno la siri, wala hawakuona haja ya kuwa nalo. Mgeni akishika mikro, depo zote zilinyamaza kama kuku waliosikia mwewe. Ikiuliza sauti ya Mzee, walimjibu kila kitu: nani yuko wapi, nani amelala kwa nani, nani anangoja mtumbwi wa kumvusha. Walimjibu kwa sababu alikuwa mtu wa nyumbani. Na yeye alikuwa upande wa ndani wa dirisha, sisi wote tukiwa upande wa nje.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mtu wa foni wa Kabonga. Kwa miaka yote ya kazi yao hawakuwahi kuonana. Walitaniana kutwa. Yule wa Kabonga aliamini kwamba mwenye sauti kama ile lazima awe na kitambi, akawa anamwita Tajiri, na Mzee, aliyekuwa kama ufito, hakumsahihisha hata siku moja. Mke wa yule rafiki alikuwa na desturi ya kuketi na mumewe kwenye foni akichambua ndagala, na mara nyingi alipaza sauti kwa nyuma, "Shemeji, umeshinda vizuri?" Mzee akatabasamu peke yake chumbani, akasahau kwamba dirisha liko wazi na tunamwona.

Kitu ambacho watu walimpendea zaidi ni kwamba hakuuliza. Ulifika dirishani, ukasema unamtafuta fulani, yuko mahali fulani, akaulizia. Hakutaka jina lako, wala kwenu, wala unamtafutia nini. Lazima ukumbuke jinsi swali la "wewe ni nani" lilivyokuwa limeharibika miaka ile. Lilikuwa ni swali la kwenye bariere, vile vizuizi vya barabarani, na jibu lake liliweza kuwa la mwisho kwako. Mtu aliyepita vizuizi vitatu akihojiwa, kisha akafika kwenye dirisha ambapo anaulizwa tu "Nani wa kwanza?", alijisikia binadamu tena. Nilimwona mama mmoja kutoka Gatete akilia kabla hata hajapata jibu, kwa kuwa tu hakuulizwa.

"Kule bariere wanauliza," Mzee alizoea kusema. "Hapa hatuulizi."

Siku moja askari na mtu ambaye askari yule pengine alikuwa akimsaka walipanga foleni moja, wakiwa wamepishana watu wawili. Wote wawili walikuwa wakiwatafuta mama zao. Mzee alimhudumia wa mbele, kisha wa nyuma, na kila mmoja akanywa chai ya mama yangu. Mama hakulipenda jambo lile. Alimwambia siku moja atamwulizia shetani.

"Shetani naye anaweza kuwa na mama mugonjwa," Mzee akajibu.

Tulicheka. Nikikumbuka kicheko kile nasikia haya hadi leo, ingawa sijui tungeweza kufanya nini zaidi ya kucheka.

Kwa unyenyekevu wake wote, alikuwa na kiburi kimoja, na kiburi hicho kilikuwa jibu. Hakuvumilia mtu aondoke dirishani mikono mitupu. Betri ikiisha, aliibeba mwenyewe begani hadi gereji. Nyanza-Lac wasipoitika, aliita na kuita mpaka akapauka midomo, na jioni alikwenda nyumbani bila kuaga. Kuna bibi mmoja aliyemtafuta mwanawe, na kutoka kule hakukusikika ila mikwaruzo. Mzee alitokeza kichwa akamwambia, "Wanasema bado wanamutafuta, Mama, usikate tamaa." Mama yangu alisikia ile mikwaruzo kama mimi nilivyoisikia. Akamtazama Mzee, naye akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Tulihesabu kwamba ni wema, na wema ulikuwa adimu.

Sasa nifike kwenye Kabonga, kwa sababu nimekuwa nikizunguka.

Ile depo ya Kabonga ilikuwa na stoo ya ndagala, na ndani ya stoo ile walijificha watu waliokuwa wakingoja kuvushwa kwenda Kigoma: familia kadhaa, watoto kwa wazee. Rafiki wa Mzee ndiye aliyewahifadhi. Siri hiyo watu wa foni waliijua wao kwa wao, na nje yao haikutakiwa kujulikana.

Mwanamume mmoja akaja dirishani kwetu. Alikuwa na shati safi na adabu nyingi. Aliwapisha akina mama wenye watoto mgongoni, akakaa juani tangu asubuhi, akanywa chai, akamshukuru mama kwa "murakoze" mbili. Zamu yake ilipofika alisema anamtafuta mke wa kaka yake, aliyepotea na mtoto mchanga. Amesikia labda yuko na wale wanaongoja Kabonga. Je, bado wapo, au wameshavuka? Na kama wapo, watavuka lini, ili familia imwahi?

Mzee akaita Kabonga. Sisi tulimsikia yeye tu, kwa kuwa siku ile pale nje palikuwa na kinu cha kusaga muhogo kikinguruma, na sauti ya upande wa pili haikutufikia. Alizungumza, akanyamaza, akazungumza tena kifupi. Kisha akatokeza kichwa, uso umemchangamka, akampa yule bwana jibu lake: wapo bado, wako depo, watavuka Alhamisi. Yule bwana alimshika mkono kwa mikono miwili.

Alhamisi haikufika. Watu wenye silaha waliivamia depo ya Kabonga kabla yake, wakaenda moja kwa moja kwenye stoo ya ndagala. Yule rafiki wa foni aliuawa mlangoni. Ndani waliuawa wengi. Waliopona walipenya kwenye matete wakafuata ufuko mpaka Tanzania. Habari ilitujia kwa foni ya Nyanza-Lac, na aliyeipokea ni Mzee mwenyewe. Aliweka mikro mezani taratibu, akatoka, akafunga dirisha kwa nje. Hakulifungua tena.

Hakuna aliyemlaumu. Nataka hili lieleweke, maana ndilo lililommaliza. Mji mzima ulisema maskini Mzee, alidanganywa, angejuaje? Walimwambia msikitini, walimwambia barabarani, walimwambia misibani. Kila alipofarijiwa aliinamisha macho na kujikunja ndani ya koti lake, nasi tukasema ni huzuni. Sisi tulikuwa tumeizoea huzuni mno miaka ile, tukawa tunaiona kila mahali, hata mahali ambapo palikuwa na haya.

Amani ilipokuja na wakimbizi wakaanza kurudi kutoka Tanzania, alianza kupita nyuma ya nyumba. Akiona lori la waliorudi limesimama, aligeuza njia. Mwishoni aliacha kabisa kwenda sokoni, akawa anatengeneza redio za watu barazani kwake, na mama yangu akimpelekea nyanya. Ukimletea redio, alikuuliza kinachoiumiza tu, akakutazama mikono badala ya uso.

Mimi nilikua, nikasoma, nikaenda Bujumbura. Kazi yangu ni programu za kuunganisha mifumo. Duka linataka kuzungumza na benki, zahanati inataka kuzungumza na bohari ya dawa, na hawajuani lugha; programu yetu inakaa katikati, inapokea ombi la huyu na kwenda kumwulizia kwa yule. Mwaka mmoja tuligundua tundu ndani yake. Mtu wa nje alikuwa anaweza kuandika anwani yoyote, hata anwani ya chumba cha ndani kabisa ambacho hakuna mtu wa nje anayeruhusiwa kukigusa, na programu yetu, bila kuikagua, ilikwenda ikabisha. Chumba kilifungua. Kilimwona anayebisha ni seva ya nyumbani, kompyuta inayobeba programu yetu, kikamkabidhi kila alichotaka, na seva ikampelekea mgeni dirishani. Mgeni hakuvunja mlango wowote. Alimtuma mwenyeji.

Mkuu wangu alinitaka niwaeleze wenzangu, na wenzangu hawakuelewa, basi nikawaeleza habari za Mzee wa Foni. Walielewa mara moja. Nilimalizia kwa kusema kwamba seva haina kosa, ilitumwa tu, kosa ni la waliojenga njia isiyouliza. Nilijisikia nimemtendea Mzee haki. Kijana mmoja akapachika jina, akawa anaita tundu lile "dirisha la Mzee," wakacheka, nami nikacheka nao kidogo.

Likizo iliyofuata nilimkuta mama yangu na shida. Mke wa yule rafiki wa Kabonga alikuwa amerudi kutoka kambini, amejenga Nyanza-Lac, na siku za soko alileta mawese Rumonge. Alikuwa amemtambua mama kwa kusikia watu wakitaja dirisha la foni. Tangu hapo, kila soko alituma ujumbe: "Mwambieni shemeji yangu niko hapa. Ninataka tu nimuone." Na kila soko Mzee alijibu kwamba mguu unamuuma.

"Enda wewe," mama akaniambia. "Wewe iko na maneno ya shule. Mwambie yule mama hana kinyongo naye. Ataenda kaburini na mguu wa uongo."

Nikaenda. Nilimkuta barazani, redio imefunguliwa tumbo mapajani mwake. Alinikaribisha, akanipa kigoda. Sikuanza na mjane. Nilianza na kazi yangu, nikamweleza tundu lote kwa Kiswahili chepesi: mgeni, seva, chumba cha ndani. Nikamwambia kwamba katika kazi yetu hatuilaumu seva. Nilikuwa nimelipanga vizuri, na nikaona ananisikiliza kwa makini kuliko wenzangu wa ofisini.

"Bon," akasema. "Ile mashini, wakati kule ndani wanaiuliza ni nani anataka, inajibu nini?"

"Hawaiulizi, Baba. Wanaona ni ya nyumbani, wanafungua."

Akaiweka redio chini.

"Donc ya kwangu si kama ile. Mimi waliniuliza."

Sikuelewa. Akaendelea kutazama mikono yangu.

"Kabonga aliniuliza. Aliniambia, 'Rumonge, ni wewe unauliza, ao kuko mutu kwa dirisha?' Hakupenda kusema neno ya wale watu kwa mutu wa inje. Angesikia ni mutu wa inje, angenyamaza. Nikamujibu, 'Ni mimi.'"

"Kwa nini, Baba?"

"Yule mutu alikuwa amekaa kwa jua toka asubui. Na mimi..." Akaigusa redio kwa ncha ya mguu. "Mimi nilikuwa ninataka kumupa jibu. Njo ile tu. Nilikuwa ninapenda vile watu wanafurahi."

Niliona haya. Niliona haya kwa ajili yake, ile haya ya kumwona baba wa watu amevuliwa nguo, na niliona haya kwa ule mfano wangu mzuri na kicheko cha ofisini. Miaka yote tulikuwa tumemfariji kwa kitu ambacho hakikutokea. Kila "ulidanganywa, Mzee" ilikuwa imemlazimisha kusema uongo ule upya, kwa kunyamaza. Nikamwambia basi, mjane hajui, si lazima ajue, mimi nitampelekea salamu tu.

"Apana," akasema. "Usinipelekee. Kupelekea watu maneno, nilisha kuona mwisho yake."

Akaingia ndani akavaa koti. Tulikwenda kwa njia kubwa, kwa miguu miwili isiyouma, na watu walimsalimia kwa mshangao. Mimi nilitembea nyuma yake, nikiomba kimyakimya yule mama awe amekwisha kuondoka.

Hakuwa ameondoka. Alikuwa ameketi kati ya madumu ya mawese tunayoyaita bido, mwanamke mpana wa kitenge cha kijani, akipima kwa kopo. Alipomwona mtu mwembamba amesimama mbele yake alimwuliza anataka kiasi gani. Mzee akasema "Shemeji," kwa ile sauti nyingine, ya kwenye mikro. Kopo likabaki hewani. Mama yule alimtazama juu mpaka chini, na kwa muda mfupi nilidhani atacheka, kwa kuwa kitambi hakikuwapo.

"Karibu, Tajiri," akasema.

Mzee hakukaa. Alisema aliyoyabeba akiwa amesimama, kwa haraka, kama anayeogopa betri itakatika. "Shemeji, siku ile, kabla ya kunijibu, mume wako aliniuliza kama ni mimi..."

"Ninajua."

"Apana, hujui. Nilimwambia..."

"Nilikuwa nimekaa pembeni yake," mama yule akasema. "Ninachambua ndagala. Nilikusikia."

Kelele za soko ziliendelea. Mzee alishika pindo la koti lake kwa mikono yote miwili. Kumbe miaka yote aliyokuwa akimkimbia mtu asiyejua, alikuwa akimkimbia mtu pekee aliyejua, ambaye kila soko alikuwa akimwita shemeji.

"Sikukuitia ile," mama yule akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa na shida yake. "Ile Mungu anaijua. Nilikuwa ninakuitia kitu moja. Yule mutu wa dirishani alikuwa nani?"

Mzee aliachia pindo la koti.

"Jina yake. Ao ya baba yake. Ao kwao ni wapi. Watoto wangu wamekua, wananiuliza ni nani aliyemutafuta baba yao. Wewe peke yako njo ulimuona."

Nilimwona Mzee akirudi kwa mawazo pale dirishani kumtafuta yule bwana, na kupata shati safi tu, na "murakoze" mbili.

"Sikumuuliza, Shemeji."

"Hata jina?"

"Hata jina."

Mjane alimngoja bado kidogo, kama mtu anayengoja foni iliyokwaruza itulie. Kisha akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yetu, akachukua chupa yake, akaanza kumpimia mawese.